Matroni Aliyekataa Bisi

Swali lililoninyima usingizi mwaka huu ni dogo kiasi kwamba hata kulitaja naona aibu. Nina haki gani ya kumnyang'anya mama mtu mzima pakiti ya krispi? Si pombe, si sigara. Ni krispi tu: viazi vilivyokatwa vyembamba kama karatasi, vikakaangwa mpaka vikakauka, vikamwagiwa chumvi, vikafungiwa kwenye pakiti inayong'aa na kutundikwa kwenye kila duka, kuanzia Kasulu mjini mpaka huko Kitanga vijijini.

Swali hilo nililigeuza kila upande. Nilijiambia: huyu ni mtu mzima, mwili ni wake. Halafu nikajiambia: moyo wake umetanuka, na mimi nimesomea lishe chuo kikuu, je, nilisoma ili nije kukaa kimya? Halafu nikaja na wazo baya zaidi, kwamba labda sina uchungu wowote na afya yake, ila nina hasira naye ya tangu utotoni na natafuta pa kuimwagia. Nikifika hapo naanza upya. Ndivyo nilivyo. Wenzangu wakiamua jambo huwa wameliamua; mimi nikiamua, naliamsha tena asubuhi kulihoji.

Ninamwita Matroni kwa sababu sijawahi kusikia mtu akimwita vingine. Nilipokuwa mtoto alikuwa matroni wa hospitali huko Kibondo, na mama yangu alikuwa mhudumu wa wodi chini yake. Tulikaa nyumba za watumishi, ukuta wetu na wake ni mmoja. Alipostaafu alijenga Kasulu. Mimi nilipomaliza chuo nikakosa ajira, nikapata nafasi ya kujitolea kwenye kituo cha afya hapo hapo Kasulu, na mama akampigia simu. Matroni akanipa chumba cha uani. Hakuuliza nitakaa mpaka lini wala nitalipa nini. Aliuliza kama chuo kikuu wanafundisha kudeki.

Ukitaka kumjua, anza na mikono. Alinawa mpaka kwenye viwiko kabla ya kukupa mkono, na baada ya kukupa akanawa tena, mbele yako, bila haya. Watu wa vijijini waliokuja kumsalimia walichukia. "Huyu mama anatuona uchafu," walimwambia mama yangu. Ukweli ni kwamba aliwaona watu wote, yeye mwenyewe akiwemo, kama watu walioko wodini. Saa yake aliibandika kifuani, kichwa chini, kama manesi wa zamani, na aliendelea kuibandika hivyo baada ya kustaafu, hata alipovaa dera kwenda sokoni. Kanga zake alizikunja pembe kama mashuka ya hospitali. Ukikaa kitandani kwake ukavuruga pembe moja, ulisimamishwa ukaitengeneze.

Alitoka pwani, upande wa Tanga, na hakutuacha tusahau. Miaka yote ile ya Kibondo alilalamikia baridi yetu ya Juni, vumbi letu jekundu, na Kiswahili chetu alichosema kinatembea kwa magongo. Kiha, lugha yetu, alijifunza maneno machache, na yote ni ya kuamrisha: kaa, meza, pumua, nyamaza. Wagonjwa wakongwe walimjibu kwa heshima, kisha akigeuka walimtukana kwa Kiha hicho hicho, naye akisikia kicheko aligeuka na kuwaambia, "Cheka, cheka. Anayecheka anapumua."

Neno alilolichukia kuliko yote ni pole. Mtu akisimama mlangoni mwa wodi akasema pole, alimtazama juu mpaka chini. "Pole haishushi presha. Shika beseni." Na mtu alishika beseni. Nimemwona mwenyekiti wa kijiji, mwanamume mwenye koti na kofia, amebeba beseni la matapishi ya mtu asiyemjua.

Lakini mgonjwa asiye na ndugu akifariki, Matroni ndiye aliyekaa naye. Mama ameniambia mara nyingi. Alimfuta uso, akamkata kucha, akakaa kwenye kiti pembeni mpaka watu wa kumchukua wafike, na nesi aliyepaza sauti karibu naye aliondoka pale analia. Sijui niiweke wapi habari hii. Ningependa awe mkali tu, ili nimchukie vizuri.

Kitu kingine: alikuwa anatafuna. Siku zote. Marufuku ilikuwa kwa manesi kula wodini, na aliwasema vibaya waliokamatwa na andazi, ilhali mfuko wa gauni lake jeupe ulijaa karanga au mahindi ya kukaanga. Tulimsikia kabla ya kumwona. Sisi watoto wa nyumba za watumishi tukicheza nyuma ya stoo ya hospitali, tukisikia kru-kru-kru upande wa pili wa ua, tulitawanyika kama kuku.

Sasa nieleze habari ya chumvi, maana hapo ndipo hasira yangu ilipozaliwa.

Nyuma ya hospitali kulikuwa na jiko la ndugu wa wagonjwa. Kila familia ilipika chakula ikaleta wodini. Kwetu, anayeleta chakula huonja kwanza mbele ya anayekula, ili mlaji ale kwa amani, ajue hakuna kitu kibaya ndani. Mwanzoni Matroni alituchekea. "Nyie Waha mnaogopana mpaka kwenye maharage!" Baadaye aliona faida. Saa ya chakula alisimama mlangoni mwa wodi na kijiko mfukoni. Kwa mgonjwa wa presha au wa moyo, ndugu aliamriwa kuonja, naye Matroni hakutazama bakuli, alimtazama mwonjaji mdomoni. Aliyeweka chumvi alionja kwa raha, na raha ile ilimponza. Kisha Matroni alichomoa kijiko chake akathibitisha.

Babu yangu wa Busunzu aliletwa pale miguu imevimba kama migomba. Alikataa kula maharage yasiyo na chumvi. Alilia, mzee mzima, akamwambia mama kwamba anamlisha kama mfungwa. Mama akamhurumia. Akaweka chumvi kidogo, akaonja mlangoni kwa uso mkavu kadiri alivyoweza, na akakamatwa. Matroni alichukua bakuli, akatoka nalo, akalimwaga kwenye bustani ya maua mbele ya wodi nzima.

"Unamlisha baba yako au unamuaga?" akamuuliza.

Mama alikuwa mfanyakazi wake. Alikuwa na sare. Nilikuwa nimesimama pale nimeshika gauni lake, naye akapokea bakuli tupu kwa mikono miwili. Babu alipona kiasi cha kurudi Busunzu, akapalilia maharage yake misimu mingi, akimtukana Matroni kwa kila mtu aliyepita barabarani. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumshukuru. Mimi nilimwekea kinyongo kile mpaka chuo kikuu, na nadhani hata lishe niliisomea kwa sababu hiyo, ili siku moja nijue kumjibu.

Siku ikaja, na haikuwa kama nilivyoipanga.

Nilipohamia kwake Kasulu nilikuta kazi ya jiko anaifanya Mama Eliya, mjane wa makamo kutoka Nyakitonto, mtu mwaminifu mpaka anachosha. Daktari alikuwa amesema: moyo umetanuka, ameze dawa za kupunguza maji mwilini, na chakula kisiwekwe chumvi. Mama Eliya aliitoa chumvi jikoni kabisa, akaipeleka kwa jirani. Tulikula wote bila chumvi, ugali, maharage, mchicha, samaki. Wiki za kwanza niliona kama natafuna daftari. Baadaye nikazoea.

Hata hivyo miguu ya Matroni ilivimba. Ukiibonyeza kwa kidole, shimo lilibaki. Daktari akaongeza dawa. Miguu ikavimba. Mama Eliya akaanza kusema kuna mtu ameingiza kitu ndani ya ua, akawa anafagia kizingiti kwa hasira kila asubuhi. Manesi aliowafundisha, waliokuja kumwona Jumapili kutoka Kasulu na mpaka Kibondo, wakasema dawa za siku hizi hazina nguvu. Mimi, msomi, nilishuku maji ya kisima. Nilipoteza siku nyingi nikiyawazia maji ya kisima.

Na wakati wote huo Matroni alikuwa ameketi barazani mbele yetu, kweupe, anatafuna krispi.

Hatukuona. Siongopi. Kwetu mtu ambaye hajala ugali hajala, na kinachotoka kwenye pakiti kimepita mdomoni tu. Manesi wale walijua huwezi kwenda kumwona mgonjwa mikono mitupu. Soda waliiogopa, sukari waliiogopa, maandazi wakasema yana mafuta. Krispi ni nyepesi, haina hata uzito mkononi, na Matroni mwenyewe aliziomba. Nani angemkatalia Matroni? Hao ni wanawake waliokuwa wakificha maandazi kwenye kabati la bandeji wakisikia anakuja. Alipopiga simu akisema, "Ukija uniletee zile zangu," walileta mifuko.

Alasiri moja nilikuwa nimekaa naye, akaninyooshea pakiti. "Chukua, uache kukunja uso." Nikachukua moja, nikaitia mdomoni, na ulimi ukaungua. Kwa kuwa nilikuwa nimekaa muda mrefu bila chumvi, ile chumvi ilinipiga kama nimelamba jiwe la chumvi la ng'ombe.

"Matroni," nikasema, "hii ni chumvi tupu."

"Hiyo ni krispi."

"Daktari amekukataza chumvi."

"Amekataza kwenye chakula. Mama Eliya! Njoo hapa. Chakula changu kina chumvi?"

"Hata chembe, Matroni," Mama Eliya akajibu kutoka jikoni, kwa fahari kabisa.

"Umesikia, msomi?"

Nilimtazama usoni, na nikaona kwamba anajua. Hilo ndilo lililonichoma. Mama Eliya hakujua, manesi walikuwa wamejisahau, mimi nilikuwa mjinga na kisima changu. Yeye alijua. Yule aliyeonja maharage ya babu akajua nani amedanganya, alikuwa amekaa pale na makombo kwenye kanga, anatumia usahihi wa Mama Eliya kama pazia.

Nilikasirika kwa namna ambayo sikuizoea. Mimi hasira zangu kawaida huzigeuza wasiwasi. Hii haikugeuka. Nilizikasirikia pakiti zenyewe, na picha za watoto wanaocheka juu yake. Niliyakasirikia maduka. Hata nje ya geti la kituo chetu cha afya, hatua chache kutoka kwenye benchi ninapowafundisha akina mama kuhusu lishe, zimening'inizwa kama mapambo ya harusi, na akina mama hao hao wakitoka kwenye somo langu huwanunulia watoto ili wasilie njiani. Nilimkasirikia Matroni kuliko vyote, kwa sababu alikuwa ametufundisha sote, kisha akaona hayamhusu.

Nikaanza kutafuta kitu cha kuchukua nafasi ya krispi. Nilidhani ni kazi ya juma moja.

Nilianza na bisi. Mahindi yapo, mafuta kijiko kimoja, hakuna chumvi, nikazikamulia ndimu. Matroni alitia moja mdomoni, akaigeuza, akaitoa akaiweka kwenye kisosi.

"Hizi ni bisi au pamba za kufungia vidonda?"

"Zina nyuzinyuzi nzuri kwa—"

"Onja wewe."

Nikaonja. Ndimu ilikuwa imezilainisha. Zilikuwa pamba za kufungia vidonda.

Nikaenda kwenye njugu mawe. Nilizichemsha, nikazianika, nikazikaanga kwenye kikaango kikavu. Zikawa ngumu kama jina lake. "Meno yangu yaliyobaki yanasubiri pensheni," alisema, "usiyaue kabla." Nikakata muhogo vipande vyembamba, nikaukausha juu ya jiko la mkaa, ukatoka umeungua pembeni na mbichi katikati. Nikataka mbegu za maboga, na hapo nikagombana na Mama Eliya. Mbegu alizokuwa amezipaka majivu na kuzitundika juu ya moshi zilikuwa za kupanda mvua zikianza, na aliniona nimezishusha.

"Unakaanga shamba?" akaniuliza. "Chuo kikuu mnakula shamba?"

Nikanunua nyingine sokoni. Matroni alizila, lakini alitema maganda kila mahali, barazani, kwenye maji ya kunawa, na Mama Eliya akafagia akinitazama mimi.

Wakati huo wote krispi ziliendelea kuja kila Jumapili, na miguu haikushuka. Nikamuuliza siku moja, nikiwa nimechoka, sauti imenipanda: "Lakini kwa nini krispi? Maisha yako yote ulitafuna karanga. Kula karanga! Nitakukaangia bila chumvi, kila siku, nakuapia."

Alikuwa anatazama ua, ambako hapakuwa na kitu ila kamba ya nguo na kuku wa jirani.

"Karanga huzisikii," akasema. "Wodini kulikuwa na kelele, karanga ilitosha. Hapa nyumba kimya. Mama Eliya hasemi, wewe unawaza. Nikitafuna hizi nasikia kama kuna mtu. Nataka kitu kinachonijibu."

Ningemhurumia. Nadhani alitegemea nimhurumie, na alijua mimi ni mtoto wa nani. Badala yake nilipandwa na hasira zaidi, kwa sababu sasa nilijua ninachotafuta, na kwa sababu angeweza kuniambia tangu siku ya kwanza, kabla ya bisi, kabla ya muhogo, kabla sijagombana na Mama Eliya kwa mbegu zake. Kumbe kilichotakiwa ni mlio.

Nikaenda sokoni kununua dagaa wa Kigoma. Muuzaji, kijana mwenye maneno mengi, aliniapia kwamba hawakuanikwa na chumvi. Nikaonja palepale, walikuwa na chumvi.

"Dada, hiyo ni chumvi ya ziwa."

"Ziwa Tanganyika halina chumvi."

"Basi ni jasho la mvuvi."

Watu wakacheka, mimi sikucheka. Mvua zikinyesha dagaa hawakauki vizuri, baadhi ya watu huwatia chumvi wasioze, kisha wanakuuzia kwa viapo. Nilizunguka meza zote nikionja dagaa wakavu mmoja mmoja kama kichaa, mpaka mama mmoja mwenye kilemba akaniita. "Njoo huku wewe unayeonja. Hawa ni wa jua tupu." Walikuwa wa jua tupu.

Niliwatoa vichwa, nikawaosha, nikawatia ndimu, tangawizi ya kusaga na pilipili kidogo. Nikawaanika mpaka wakakauka kabisa tena, maana bisi zilikuwa zimenifundisha kuhusu ndimu. Kisha nikawakaanga kwenye kikaango kikavu, moto mdogo wa mkaa, nikiwageuza bila kuwaacha, mpaka ukimkunja mmoja anakatika kama kijiti. Nilimpelekea kwenye bakuli. Nikaonja kwanza bila kuambiwa, na barazani kukasikika kru.

Akachukua mmoja. Akatafuna. Akachukua mwingine.

"Wanajibu," akasema. Kisha, asije akaonekana amenisifia: "Wanaongea Kiswahili cha Kigoma, lakini wanajibu."

Alimaliza bakuli. Alimaliza na la kesho yake. Miguu ilianza kupungua, ukibonyeza shimo linajaa polepole, na mimi nikaanza kujiona mtu. Nilikuwa hata nawaza kuwafundisha akina mama wa kituo chetu kuwakaanga hivyo. Kisha Jumapili ikapita, na Jumatatu miguu ilikuwa imevimba upya mpaka ndala hazimwingii.

Hapo ndipo lile swali la haki lilipoanza kuninyima usingizi. Nilikuwa nimetafuta kitu kizuri, nikakipata, akakipenda, na bado alikula krispi juu yake. Kumbe kupata mbadala hakukutosha. Ilibidi mtu amkataze, na kwenye nyumba ile, kwenye mji ule, hapakuwa na mtu aliyewahi kumkataza Matroni kitu. Nilipanga maneno ya kumwambia akiwa peke yake, kwa upole. Nilimwambia. Akasema, "Sawa, mwanangu," na hilo la mwanangu lilinitosha kujua ananidanganya.

Jumapili iliyofuata walikuja watano. Aliyewaongoza ni sista mmoja mnene, mcheshi, ambaye sasa anasimamia wodi ya wazazi huko Kibondo, mtu anayeamrisha wengine siku nzima na ambaye mbele ya Matroni hukaa kwenye ukingo wa kiti. Walitoka kanisani, wamependeza. Kila mmoja alikuwa na mfuko. Walianza kuzipanga pakiti mezani huku wakitania.

"Matroni, leo nimekuletea zenye pilipili."

"Huyu anakuhonga, Matroni, anataka umsamehe lile andazi la mwaka ule."

Matroni alicheka. Alikuwa na uso wa raha ambao sikuwa nimeuona siku nyingi, nyumba ilikuwa na kelele, watu walikuwepo, na mkono wake ulikuwa tayari kwenye pakiti. Nilifikiri: subiri waondoke. Nilifikiri: usimwaibishe mbele ya watoto wake wa wodini. Nilifikiri mambo mengine mengi mazuri, yote ya kunifanya nibaki nimekaa.

Nikasimama. Nikapiga magoti mbele yake, nikainua pindo la dera kidogo, nikambonyeza mguu kwa kidole gumba, kwa nguvu. Nikatoa kidole. Shimo lilibaki pale, kubwa, na wanawake wale watano, manesi wote, wakalitazama. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Wao ndio waliozoea kubonyeza miguu ya watu.

"Mama Eliya hapiki na chumvi," nikasema. "Hata chembe. Chumvi yote inayoingia kwenye mwili huu mnaileta nyie Jumapili. Mlifundishwa na nani? Mlifundishwa naye! Mngemkuta mtu mwingine amelazwa na mguu huu, ndugu yake kamletea hizi, mngemfanya nini?"

Sista mnene aliweka mkono mdomoni. "Lakini ni krispi tu," akasema, kisha akasikia alichokisema.

"Shusha dera langu," Matroni akasema taratibu.

Nikalishusha. Nikaanza kukusanya pakiti. Ile iliyokuwa mkononi mwake niliivuta, naye akaishikilia. Kwa muda tulivutana nayo, mimi na mama wa umri wa bibi yangu, mbele ya watu waliotoka kanisani. Ana nguvu bado mikononi. Pakiti ikapasuka, krispi zikamwagika sakafuni, na hakuna aliyeinama.

"Nimekupa chumba," akasema. "Nimekupa jiko. Mama yako amenisalimia leo asubuhi kwenye simu. Na wewe unanivua nguo mbele ya wageni wangu, unanipora mdomoni. Huna adabu. Mama yako alikosea, lakini alikuwa na adabu."

"Mama yangu alinyamaza," nikasema. "Mimi sinyamazi."

"Hama. Leo."

Sista mnene alijaribu: "Matroni, mtoto amekasirika tu, msamehe..."

"Nimesema ahame."

Nilibeba mfuko wa pakiti zote mpaka nje ya geti na kumrudishia kila mmoja zake, mkononi, walipokuwa wakitoka mapema kuliko walivyozoea. Walizipokea wakitazama chini. Mmoja aliniambia kwa kunong'ona kwamba nimefanya vizuri, na nikamkasirikia yeye pia, kwa kuwa alisubiri tufike nje ndipo aseme. Kisha nikafunga godoro langu. Mama Eliya alinisaidia kubeba ndoo mpaka chumba nilichokipata mtaa wa pili kwa dada mmoja tunayejitolea naye. Tulipofika alisema kwamba kuanzia sasa mtu akija na pakiti, ataipokelea getini, na haitaingia.

Mama alinipigia simu usiku akilia kwa aibu. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Na baada ya kukata simu nililala, tena mapema.

Asubuhi niliwasha jiko kwenye uwanja wa watu nisiowajua vizuri. Nikakaanga dagaa, nikawageuza bila kuwaacha, nikawafunga kwenye kitambaa safi wakiwa bado na joto. Nilipofika kwa Matroni geti lilikuwa wazi na yeye yuko barazani, saa yake kifuani, miguu juu ya stuli. Aliniona. Niliona kwamba ameniona, na aligeuza uso akatazama ukuta. Kwao pwani na kwetu pia mtu hapiti getini mpaka aitikiwe hodi yake.

"Hodi," nikasema.

Akaendelea kuutazama ukuta.

"Hodi, Matroni."

"Mama Eliya!" akaita, bila kunitazama. "Mwambie huyo aliyesimama hapo kwamba sijamkaribisha."

Mama Eliya alichungulia kutoka jikoni, akanitazama, akarudi ndani.

Nikaingia.